Daftari la Nyumba Linakaa kwa Nani? Historia ya Programu Huria za Hesabu za Familia



Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suuratul Baqarah, inahusu kuandika madeni. Kwa hiyo kuandika hesabu si jambo geni kwetu. Swali letu leo ni jingine: hesabu ikishaandikwa, daftari linakaa kwa nani? Zamani jibu lilikuwa wazi, lilikaa kabatini. Tangu kompyuta ziingie majumbani, jibu limekuwa na mvutano.

Mwaka 1983, huko Marekani, yalianza mambo mawili yasiyojuana. La kwanza, Scott Cook na Tom Proulx walianzisha kampuni ya Intuit. Yasemekana Cook alipata wazo pale mkewe alipolalamikia taabu ya kulipa bili. Mwaka uliofuata wakatoa Quicken, programu ya hesabu za nyumbani. La pili, Richard Stallman wa chuo cha MIT alitangaza mradi wa GNU. Yeye hakuwa akifikiria bili za mtu. Alichotaka ni programu ambazo mtumiaji anaruhusiwa kusoma zilivyoandikwa, kuzibadilisha apendavyo na kuwagawia wengine. Hizi ndizo tunazoziita programu huria, na mwaka 1989 zikapata leseni yake maarufu, GPL.

Kwa miaka kadhaa Quicken ndiyo iliyotamba. Microsoft nao wakaleta Money mwaka 1991, na mwaka 1994 wakataka kuinunua Intuit yenyewe. Serikali ya Marekani ikaenda mahakamani kuzuia, na mwaka 1995 Microsoft wakaacha. Money ikaendelea hadi 2009, kisha ikasimamishwa. Mtu aliyeandika humo hesabu za miaka 15 akabaki na faili ambalo mwenye kulitengenezea programu ameshaondoka. Kwa hakika Microsoft walitoa toleo la mwisho la bure, lakini hakuna mtu wa nje aliyeruhusiwa kuchukua programu ile na kuiendeleza.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa tayari imeshachongwa. Mwaka 1997 watu waliokuwa wakijitolea walianza kazi iliyozaa GnuCash, na toleo lake la kwanza lililo imara likatoka 1998. Hapa inafaa tutulie kidogo, maana wengi hudhani ni kama jedwali tu la mapato na matumizi. Sivyo. GnuCash hutumia mfumo wa wafanyabiashara wa Italia ambao Luca Pacioli aliueleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494: kila jambo huandikwa mara mbili. Ukichukua unga wa shilingi 200 dukani kwa mkopo, matumizi ya chakula yanaongezeka 200, na deni lako kwa mwenye duka linaongezeka 200. Ukilipa, deni linapungua na pesa taslimu zinapungua. Hakuna shilingi inayopotea njiani, na hakuna deni linalosahauliwa kwa sababu tu mwenye duka ni mpole.

Akaunti hizo unazipanga mwenyewe kama matawi ya mti. Familia moja itaweka karo za madrasa na za shule mbalimbali, nyingine itaweka mchango wa harusi na chama cha akina mama. Anayetaka kuhesabu zaka atatenga akaunti za mali inayotolewa zaka na za madeni, ili asilimia 2.5 yake ijulikane inatoka wapi. Kuna jambo moja la kuangalia: mwaka wa zaka ni wa mwezi mwandamo, mfupi kwa siku kama 11, ilhali programu hizi kwa kawaida hufuata kalenda ya Miladia. Hata hivyo unaweza kuomba ripoti kwa tarehe yoyote uitakayo, kwa hiyo hilo si kikwazo.

Faili hukaa kwenye kompyuta yako. Halipelekwi kwa mtu. Mwaka 2003 John Wiegley alikwenda mbali zaidi na programu yake Ledger, ambapo hesabu zote ni maandishi ya kawaida yanayofunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Ni ngumu kidogo kwa asiyezoea, lakini hata Ledger ikitoweka kesho, maandishi yako yatasomeka.

Kisha ukaja 2007. Mwaka huo GnuCash ilianza kutumika vizuri kwenye Windows, huku kwetu Kenya M-Pesa ikaanza, na Marekani Aaron Patzer akafungua Mint. Mint ilikuwa ya bure na rahisi ajabu: unaipa neno la siri la benki yako, nayo inajaza hesabu yenyewe. Mapato yake yalitokana na kukupendekezea kadi na mikopo ya kampuni nyingine. Yaani matumizi yako yote yalikuwa yakisomwa. Intuit waliinunua mwaka 2009 kwa dola milioni 170, na Machi 2024 wakaifunga.

Tusidhani hayo ni ya Wamarekani pekee. Kenya tuliona baadhi ya programu za mikopo ya simu zikichukua namba za watu wote kwenye simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, jamaa zake wanapigiwa simu. Ilibidi ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kanuni za Benki Kuu za 2022, kuzuia aibu hiyo.

Linganisha na Actual. James Long aliijenga kama biashara, na mwaka 2022 alipoona haiendi akaifanya huria. Wengine wakaipokea, na inaendelea. Kampuni ya Maybe ilifanya vivyo hivyo mwaka 2024. Ilipojitoa tena 2025, watumiaji wakachukua kazi ile na kuiendeleza kwa jina la Sure. Kampuni inaweza kufa, daftari likabaki.

Si kwamba hazina taabu. Mara nyingi utaandika kwa mkono, hakuna ofisi ya kuipigia simu ukikwama, na kompyuta ikiibiwa bila nakala, hesabu zimekwenda nayo. Kwa hiyo familia inayoanza iweke nakala ya faili kwenye flashi kila Ijumaa, flashi ikae nyumba nyingine kwa mtu anayeaminika, na baba na mama wote wawili wajue neno la siri. Wanafunzi mlio likizoni, kazi ya kuingiza risiti za mwezi mmoja inawatosha kujua unga, umeme na nauli vinakula kiasi gani.