Ukoma na Mlango wa Pua

Katika historia ya Kivu yetu tusiwasahau wenye ukoma. Wazee wetu walimtambua mgonjwa kwa mabaka na vidole, ndipo wakamtenga. Walifuata alama zilizochelewa, maana mara nyingi ugonjwa ulikuwa umekwisha kukaa puani. Kidudu chake, alichokigundua Munganga Hansen kule Norwe mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi. Na pua hupozwa kwa kila pumzi. Kwa wenye ukoma mzito, utando wa ndani huvimba, pua huziba na kutoa damu; mwishowe ukuta wa katikati hutoboka, nayo pua hubonyea. Asiyetibiwa hueneza vidudu hasa kwa pua, wala si kwa kupeana mkono.

Huko Oicha, upande wa Beni, kabla ya uhuru wa 1960, Munganga Carl Becker, mmisionari Mprotestanti kutoka Marekani, aliwatunza wagonjwa wengi katika kijiji chao. Mwaka 1981 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri dawa zichanganywe. Tangu 1995 hutolewa bure, nazo huponyesha kabisa. Basi, mwenye baka lisilosikia maumivu tumpeleke kwa munganga mapema, wala tusimfukuze.