Kituo Hakibebeki: Kutetea "Kibuyu cha Umeme"

Aliyeturithisha "kituo cha umeme kinachobebeka" (portable power station) hakukitazama kitenzi kilichozaa neno lake. Kituo kimetokana na kutua. Mpagazi hutua mzigo, ndege hutua tawini, jua hutua magharibi. Mahali pa kutua ndipo kituoni. Hata mshairi hufunga ubeti kwa kituo, maana hapo ndipo pumzi inapotua. Sasa tunaambiwa kuna kituo kinachobebwa mkononi! Neno la kwanza linaweka chini, la mwisho linainua, na istilahi nzima inajikana yenyewe.

Kosa la pili ni la maana. Kituo cha umeme huzalisha. Matebe, kwenye mto Rutshuru, ni kituo: tangu 2015 maji yake yanazungusha mitambo yenye uwezo wa zaidi ya megawati 13, na nyaya huuleta umeme hadi Goma, mashariki mwa Kongo. Kifaa tunachokizungumzia hakizalishi hata wati moja. Ndani mna betri za lithiamu na kigeuzi cha mkondo mnyoofu kuwa mkondo geu. Nje mna mpini na matundu ya plagi. Kinapokea, kinatunza, kinatoa. Kwa sababu hiyohiyo jina "jenereta ya sola" la wauzaji nalo silikubali, kwa kuwa kinachozalisha pale ni paneli.

Napendekeza kibuyu cha umeme, na sitachoka kulipendekeza. Mbuyu ni mti, buyu ni tunda lake, kibuyu ni chombo: mzizi mmoja wa Kibantu uliopita ngeli tatu bila kuazima popote. Kibuyu hujazwa penye maji, hubebwa pasipo maji. Watu wa Mugunga, pembezoni mwa Goma, hawahitaji kufafanuliwa hilo. Wanaishi juu ya mawe ya volkano yasiyoshika maji, na wameyaleta maji ya Ziwa Kivu kwa madumu ya njano, kichwani au juu ya chukudu, baiskeli ya mbao.

Mpinzani mmoja alinijibu kwamba kibuyu ni cha mganga na cha pombe, hakifai sayansi. Basi aeleze kibuyu chirizi, ambacho maofisa wa afya Tanzania wamewafundishia watu kunawa mikono, ingawa mara nyingi ni dumu la plastiki lililotobolewa. Neno limekwisha kuvuka kutoka mti hadi plastiki. Litashindwaje kuvuka hadi lithiamu? Umeme wenyewe ulikuwa mwako wa mawinguni kabla ya kuingia kwenye nyaya, na hakuna kamati iliyolalamika.

Vijitabu vya kifaa hiki vinamfikiria mtalii aliyepiga kambi porini na gari lake la kulala. Mugunga, kambi ina historia nyingine: wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, kisha waliohamishwa na vita vya Masisi na Rutshuru, hadi kambi za pembezoni mwa Goma zilipovunjwa Februari 2025. Lava ya Nyiragongo ilipokata nyaya Mei 2021, na vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, hata wenye mita ukutani walikaa gizani. Watu hao ndio wenye haki ya kwanza ya jina linaloeleweka likisikika mara moja, kwa kuwa kwao simu yenye chaji ni habari ya mtoto aliyepotea njiani.

Kuhusu matumizi: kibuyu cha wati-saa 1,000, kikipoteza sehemu ya kumi katika kugeuza mkondo, kitaendesha friji ya wati 50 kwa saa 18 hivi, lakini jiko la wati 1,000 litakimaliza kabla ya saa moja.

Nawaomba wahariri na watunzi wa kamusi waandike kibuyu cha umeme, wingi vibuyu vya umeme, na kituo wawaachie Matebe.