Mlango wa Wodi ya Watoto Njiti: Mzazi Alivyotolewa Nje na Alivyorudishwa

Historia ya mtoto njiti huandikwa kama historia ya mashine. Insha hii inamfuata mtu aliyeachwa nje ya mlango, yaani mzazi.

Katika miaka ya 1880, daktari Stéphane Tarnier wa hospitali ya wazazi ya Paris alianza kutumia inkubeta zilizoiga mashine za kuangulia vifaranga. Watoto wengi zaidi walipona. Lakini Pierre Budin, aliyefuata nyayo zake, alionya katika kitabu chake cha 1900, Le Nourrisson, kwamba mama aliyetenganishwa na mwanawe huanza kupoteza hamu naye. Akahimiza akina mama waje kunyonyesha. Wahenga wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Budin aliona yanayompata mtu anaponyang'anywa kazi hiyo.

Onyo hilo halikudumu. Kuanzia 1903 hadi 1943, Martin Couney aliwaonyesha watoto njiti huko Coney Island, New York, kwa kiingilio cha senti 25. Wazazi hawakutozwa chochote na watoto wengi waliokolewa, kwa hiyo mimi simhukumu haraka. Hata hivyo, mwana wa mtu alikuwa akitazamwa na watalii. Hospitalini nako milango ilifungwa kwa hofu ya maambukizi, na mzazi akabaki kuchungulia kupitia kioo.

Mwaka 1960, Kaplan na Mason wa Marekani walichapisha makala kuhusu msukosuko wa kihisia wa mama aliyejifungua njiti. Walisema ana kazi nne: kujiandaa kwamba huenda akampoteza mtoto, kukubali kwamba hakumfikisha wakati wake, kuanza upya kumzoea anapopata nafuu, na kuelewa mahitaji yake ya pekee. Naona ya tatu ndiyo nzito zaidi, na angeifanyaje kupitia kioo? Miaka kumi baadaye, madaktari wa Stanford waliripoti kwamba walikuwa wamewaruhusu akina mama kuingia na kuwagusa watoto wao. (Baba hatajwi sana katika masimulizi haya.)

Mabadiliko makubwa yaliletwa na uhaba. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, inkubeta zilikuwa chache na wodi zimejaa. Daktari Edgar Rey Sanabria akawafanya akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Ndiyo huduma ya kangaruu.

Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulimweka mama katika wodi ileile ya mtoto tangu mwanzo. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa huduma ya kawaida. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani likapendekeza familia ishiriki katika huduma na ipewe ushauri nasaha. Lakini pale ambapo mama analazwa jengo moja na mtoto jengo jingine, kitanda cha mama karibu na mtoto kinatangulia ushauri.