Ugonjwa Usiotajwa Jina

Ndugu msomaji, hivi umewahi kuhesabu majina ya ugonjwa mmoja? Mimi nimehesabu. Juliana, silimu, miwaya, umeme, ngoma, mdudu. Yote ya kitu kimoja, na yote tuliyatunga ili tusikitaje.

Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Vita na majeshi ya Idi Amin vilikuwa vimekwisha 1979, bidhaa madukani adimu, na magendo mpakani yakashamiri. Kulikuwa na nguo za kutoka Uganda zilizoitwa Juliana. Vijana wa biashara hiyo walipoanza kukonda na kufa, ugonjwa ukapewa jina la nguo. Wengine wakasema ni kurogwa tu. Baadaye likaja jina Ukimwi, yaani upungufu wa kinga mwilini. Vijana wa mjini nao wakazichukua herufi za Kiingereza, AIDS, wakazipa maana yao: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Watu wakacheka. Kumbe kicheko nacho ni namna ya kunyamaza.

Lakini wapo waliothubutu. Mwaka 1987 Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alitangaza hadharani kwamba mwanawe amekufa kwa Ukimwi. Rais! Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alirudi Uganda kutoka Sweden, akasema wazi kuwa anao. Wapo waliodai anadanganya. Yeye akazunguka mashuleni na makanisani akiuonyesha mwili wake unavyokwisha, hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Baada ya hapo nani angesema ni uongo?

Kwetu, Rais Mkapa aliutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999. Ilikuwa imepita miaka 16 tangu Kagera.

Sasa nikuambie ya nyumbani. Mjomba wangu alifariki 2001, mimi nikiwa na miaka sita. Pale msibani ilisemwa kifua kilimbana. Mkewe aliambiwa mumewe karogwa na jamaa wa kazini, akaamini, maana nani angemwambia vingine? Hakupimwa. Alimfuata 2003, mwaka mmoja kabla serikali haijaanza kutoa dawa za kurefusha maisha bure. Sisemi angepona. Nasema hakupewa nafasi ya kujua.

Waliacha mtoto wa miaka miwili, mama yangu akamlea. Mungu bariki, yeye hakuwa nao. Alipimwa kimyakimya na hakuambiwa kwa nini.

Mwaka jana, akijiandaa kuoa, aliniuliza jikoni, "Dada, baba yangu alikufa na nini?"

Mama alikuwa uani anaanika nguo. Nilimwona kupitia dirishani, mikono imesimama kwenye kamba. Alikuwa amesikia. Nikatamani kusema kifua, jamani, neno lilikuwa mdomoni tayari.

Nikamwambia, "Ukimwi. Na mama yako pia."

Alikaa kimya, kisha akasema, "Nilijua. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie."

Mama aliingia, akaketi karibu yake. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Niliona haya kwa ajili ya kaka yangu." Halafu, kwa mara ya kwanza, alitusimulia mjomba alivyokuwa: alivyopenda taarab, alivyokuwa mtani, alivyomlisha mkewe uji hata yeye mwenyewe akiwa hawezi kusimama. Miaka yote hiyo tulikuwa tumeficha ugonjwa, na mtu mzima tukamfukia humohumo.

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini mimi naongeza: wanaoumbuka zaidi ni waliobaki. Kaunda na Lutaaya walizungumza na mataifa. Mimi na wewe, ndugu mwandishi mwenzangu, tuna kazi ndogo na ngumu kuliko hiyo: kulitaja jina jikoni, mama akiwa anasikia.