Mwendo wa Magari Katika Barabara ya Thika

Kabla ya reli kufika Thika mwaka 1913, msafiri aliyetoka Nairobi kwa gari la ng'ombe hakuhitaji sheria ya kumzuia asikimbie. Ng'ombe wenyewe walikuwa sheria. Motokaa zilipokuja, ilibidi mwendo uwekewe mpaka, na fikira hiyo ilikuwa imekwisha kuzaliwa Uingereza.

Huko, kwa sheria ya mwaka 1865, gari la mtambo halikuruhusiwa kuzidi maili 4 kwa saa mashambani, wala maili 2 mjini, na mtu alilitangulia kwa miguu ameshika bendera nyekundu. Januari 1896 Bwana Walter Arnold alipita katika kijiji kimoja cha Kent kwa maili 8 kwa saa. Askari alimfukuza kwa baisikeli, akamkamata, naye akatozwa shilingi moja pamoja na gharama. Twaweza kucheka, lakini kesi za leo zafuata njia ile ile.

Nchini Kenya, jaribio kubwa lilikuja tarehe 1 Februari 2004, zilipoanza kutumika kanuni za Waziri John Michuki. Kila matatu ilitakiwa iwe na mikanda, na kidhibiti mwendo cha kuizuia isipite kilomita 80 kwa saa. Nyingi hazikuwa tayari, na watu wengi walikwenda kazini kwa miguu.

Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua barabara kuu mpya ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi. Ni kazi njema; lakini yapita kati ya watu waendao kwa miguu, kama wale wa Ruiru. Gari la kilomita 50 kwa saa hupita mita 14 kila sekunde. La kilomita 100, mita 28. Na umbali wa kulisimamisha kwa breki hauwi mara mbili, bali mara nne.

Kanuni za mwaka 2016 zilipanga adhabu kwa ngazi. Aliyezidisha kilomita 1 hadi 5 huonywa. 6 hadi 10, shilingi 500. 11 hadi 15, shilingi 3,000. 16 hadi 20, shilingi 10,000. Faini hiyo humwangukia dereva. Lakini madereva wengi wa matatu hudaiwa na mwenye gari hesabu maalumu kila jioni, nao hukimbia ili waitimize kabla hawajapata chao.