Beti ya bure: hesabu inayomsubiri anayeanza kubashiri

MSIMU wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, wakulima wa Zagayu huanza kushika fedha walizozisubiri tangu mvua za mwisho wa mwaka uliotangulia. Kata hiyo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Itilima mwaka 2012, mwaka ambao Mkoa wa Simiyu nao ulizaliwa. Kama ilivyo katika sehemu nyingine nchini, simu ya kijana wa huko haikosi ujumbe wa kampuni ya kubashiri matokeo ya michezo: jiunge leo, weka kiasi fulani, upewe beti ya bure.

Sambamba na ujumbe huo imeenea habari ya njia inayosifiwa kumpatia mtu faida bila kujali timu ipi imeshinda. Njia hiyo, inayoweza kuitwa kubashiri kwa kulinganisha, ilikua Uingereza katika miaka ya 2000. Hesabu yake ni ya kweli na wapo walioitumia kwa miaka mingi. Linalopaswa kuulizwa ni kiasi gani cha hesabu hiyo hubaki baada ya kuvuka bahari na kufika Simiyu.

Msingi wake ni huu. Mtu huitumia beti ya bure kubashiri kwamba timu fulani itashinda, kisha huweka fedha yake mwenyewe mahali pengine akibashiri kwamba timu hiyo hiyo haitashinda. Upande mmoja lazima upate na mwingine lazima ukose. Kwa kuwa dau la upande wa kwanza lilitolewa na kampuni, kinachobaki baada ya kulinganisha pande zote mbili ni faida ya mchezaji.

Waingereza waliwezeshwa na mambo mawili. La kwanza ni masoko ya wabashiri, hususan Betfair, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Andrew Black na Edward Wray, ambako mchezaji hacheze dhidi ya kampuni bali dhidi ya mchezaji mwenzake, hivyo anaweza kuchukua nafasi ya kampuni na kukataa kwamba timu itashinda. La pili ni kodi: tangu mwaka 2001 mchezaji wa Uingereza hakatwi chochote katika dau wala katika ushindi wake.

Mfano kwa shilingi utasaidia. Mtu ana beti ya bure ya Sh10,000 na timu imepewa odi, yaani kizidisho cha dau, ya 5.0. Ikishinda atapata Sh40,000, kwani dau la bure lenyewe kwa kawaida halirudishwi. Katika soko la wabashiri timu hiyo hiyo ina odi ya 5.2 na soko linatoza asilimia 5 ya ushindi. Akiweka Sh7,767 kuipinga, timu ikikosa atabakiwa na Sh7,379 baada ya tozo. Ikishinda atalipa Sh32,621 kutoka katika zile Sh40,000, na atabakiwa na Sh7,379 hizo hizo. Matokeo ni mamoja.

Wanaoisifu njia hii mara nyingi huruka jambo moja lililomo katika mfano huo. Ili kuipata Sh7,379, mchezaji alilazimika kuwa na Sh32,621 zilizofungiwa sokoni hadi kipyenga cha mwisho. Beti inayoitwa ya bure imehitaji mtaji unaozidi mara tatu ya thamani yake, na kwa familia inayosubiri kulipa ada au kununua chakula cha miezi ya ukame, fedha hizo si za kuchezea.

Kampuni zilizozoeleka Tanzania huuza beti kwa njia ya kawaida: mteja huchagua matokeo, kampuni husimama upande wa pili. Asiye na soko la wabashiri hulazimika kutumia kampuni mbili, moja kwa kila upande. Hapo anayeanza hukutana na kosa la kwanza, nalo ni kuisahau sare. Aliyebashiri ushindi wa timu ya nyumbani katika kampuni moja na ushindi wa wageni katika nyingine hajalinganisha chochote, kwa sababu matokeo ya mpira ni matatu. Ndiyo maana wenye uzoefu hupendelea beti zenye pande mbili tu, kama vile mabao kuzidi au kutozidi mawili na nusu.

Tuseme kampuni ya kwanza inatoa odi ya 1.90 kwa mabao kuzidi, na ya pili 1.85 kwa mabao kutozidi. Beti ya bure ya Sh10,000 ikiwekwa katika ya kwanza na Sh4,865 za mfukoni katika ya pili, mchezaji atabakiwa na takriban Sh4,135 kwa matokeo yoyote. Kiasi hicho ni pungufu sana kuliko cha Mwingereza, na sababu yake ni ile sehemu ambayo kila kampuni huijengea ndani ya odi zake. Mkulima anayeangalia mizani kabla ya kupakia pamba yake ataelewa haraka: katika mfano huu mizani imeegemezwa kwa karibu asilimia 7 kabla mchezo haujaanza.

Kisha huja kodi. Sheria ya Tanzania huitoza kodi zawadi ya ushindi wa michezo ya kubashiri, na kiwango chake kimebadilishwa zaidi ya mara moja kupitia sheria za fedha za kila mwaka. Kwa ajili ya mfano tu, ikichukuliwa asilimia 10, zile Sh4,135 hushuka hadi kama Sh3,511. Uzito wa kodi hii kwa mwenye kulinganisha ni wa namna ya pekee. Yeye daima ana mkeka mmoja ulioshinda na mwingine uliochanika. Kodi hukatwa katika ulioshinda, na hakuna anayempunguzia kwa ule uliochanika katika kampuni nyingine. Makato ya kutoa fedha kwa wakala wa simu nayo yapo, na kwa viasi vidogo kama hivi huuma zaidi.

Hata hivyo, pigo kubwa limo katika masharti. Mengi yanayotangazwa kuwa ya bure ni bonasi ambayo haiwezi kutolewa mpaka ichezwe mara kadhaa, tena kwa mikeka yenye mechi tatu au zaidi. Bonasi ya Sh10,000 yenye sharti la kuzungushwa mara tano humaanisha beti za Sh50,000. Ikiwa kila mechi inamega karibu asilimia 6.3 kama katika mfano uliotangulia, mkeka wa mechi tatu humega karibu asilimia 18, kwa kuwa makato hayo huzidishana. Kwa wastani Sh50,000 hizo zitakuwa zimepoteza takriban Sh8,800, na kodi itamalizia kilichobaki. Kuilinganisha mikeka ya namna hiyo katika kampuni ya pili si kazi ya mwanafunzi: humlazimu mtu kufunika mechi moja baada ya nyingine, na haiwezekani kabisa zinapoanza saa moja.

Ipo pia hatari ya mchezo kutochezwa. Mechi ya Yanga na Simba iliyopangwa Machi 8, 2025 iliahirishwa siku hiyo hiyo, ikachezwa Juni 25. Ile ya Mei 8, 2021 nayo haikuchezwa siku yake kutokana na mvutano wa muda wa kuanza, ikapigwa Julai 3. Kampuni hazina kanuni moja kuhusu beti za mechi zilizoahirishwa: moja inaweza kuzifuta baada ya muda mfupi, nyingine ikasubiri zaidi. Aliyelinganisha hujikuta na upande mmoja uliofutwa na mwingine ulio hai, na wakati mwingine beti ya bure iliyofutwa hairudi. Yaani amegeuka mcheza kamari wa kawaida pasipo kutaka.

Wengine hufikiri dawa ni kufungua akaunti nyingi kwa laini za ndugu. Masharti ya kampuni kwa kawaida huruhusu akaunti moja kwa mtu mmoja, na tangu Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa, kila laini ina mwenyewe anayejulikana. Akaunti inayotiliwa shaka hunyimwa bonasi au huzuiwa, pamoja na fedha zilizomo. Anayeathirika hapo ni shangazi au kaka aliyeazima jina lake kwa nia njema.

Usalama wa fedha iliyowekwa nao ni jambo la kupimwa, hasa kwa njia inayodai mtu awe na salio katika kampuni mbili au tatu kwa wakati mmoja. Kenya ilishuhudia mwaka 2019 kampuni kubwa za SportPesa na Betin zikisitisha shughuli zake kufuatia mgogoro wa kodi na leseni. Jina kubwa lilikuwa halina shaka. SportPesa hiyo hiyo ilikuwa imeingia udhamini wa Simba na Yanga hapa nchini mwaka 2017.

Tanzania michezo hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyo chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Anayeruhusiwa kucheza ni mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kampuni isiyo na leseni ya Bodi haina pa kulalamikiwa, hata iwe na bonasi nono kiasi gani.

Kwa hiyo anayetaka kujaribu atalazimika kuusoma ukurasa wa masharti kabla ya kutuma shilingi yoyote. Ajue kama dau la bure hurudishwa likishinda, odi ya chini inayokubaliwa, bonasi huzungushwa mara ngapi na kwa siku ngapi, na kama mechi moja inatosha au lazima iwe mikeka mirefu. Zaidi ya yote atafute kifungu kinachoeleza hatima ya fedha yake mwenyewe, kwa sababu baadhi ya masharti humzuia mteja kutoa hata amana aliyoiweka mpaka mzunguko wa bonasi ukamilike.