Kurejesha farasi mazoezini

Kurejesha farasi mazoezini ni kazi ya kumwandaa upya farasi wa mashindano baada ya mapumziko, ugonjwa au jeraha. Hufanyika kwa hatua, kuanzia kutembea hadi mbio za kasi na kuruka vizuizi. Baada ya mapumziko ya kawaida huchukua wiki kadhaa, lakini baada ya jeraha kubwa la mguu inaweza kuchukua mwaka mzima.

Ugumu wake mkuu ni kwamba sehemu za mwili hazirudi katika hali nzuri kwa pamoja. Moyo, mapafu na misuli hupata nguvu mapema, wakati kano, ligamenti na mifupa huchelewa. Kwa hiyo farasi anaweza kuonekana mchangamfu na asiyechoka, ilhali miguu yake bado haiwezi kuhimili mbio.

Mwili wakati wa mapumziko

Moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Akikimbia kwa kasi yake yote hupita mara 200. Farasi aliyepumzika wiki mbili au tatu hupoteza uwezo kidogo tu, lakini miezi kadhaa hupunguza misuli na pumzi.

Mifupa huimarika kulingana na mzigo inaoubeba, hivyo farasi aliyefungiwa bandani muda mrefu hupoteza sehemu ya uimara huo. Kano hupata damu kidogo na hupona polepole. Ukano uliowahi kuchanika huacha kovu lisilonyumbuka kama mwanzo, na huweza kuchanika tena.

Maandalizi

Kabla ya kuanza, daktari wa mifugo humchunguza farasi, pamoja na kumtazama akikimbia polepole mahali pagumu na tambarare ili kuona kama anachechemea. Meno na kwato hukaguliwa, na vyuma vya kwato hufungwa upya ikihitajika. Tandiko nalo hujaribiwa, kwa sababu mgongo hubadilika umbo misuli inapopungua.

Nafaka huongezwa kidogo kidogo kadiri kazi inavyoongezeka, na chakula kikuu hubaki kuwa nyasi. Kubadilisha chakula ghafla huweza kuleta maumivu makali ya tumbo. Nafaka nyingi kwa farasi asiyefanya kazi huweza kuchangia misuli kukakamaa na kuharibika anapoanza tena mazoezi.

Hatua za mazoezi

Hatua ya kwanza ni kutembea, kuanzia dakika 20 au 30 kwa siku hadi saa moja au zaidi. Baada ya wiki kadhaa huongezwa vipindi vifupi vya matiti, yaani mbio za polepole, kisha mbio za wastani. Shoti, yaani mbio za kasi, na vizuizi huja mwishoni.

Wakufunzi wengi hufuata kanuni ya kuongeza jambo moja kwa wakati mmoja: muda, kasi au ugumu wa ardhi. Mchanga mwingi na laini huchosha kano. Ardhi ngumu hutikisa mifupa na viungo. Siku za kazi nzito hufuatwa na siku za kazi nyepesi.

Kila asubuhi mtunzaji hupapasa miguu na kulinganisha wa kulia na wa kushoto. Joto, uvimbe au kuchechemea ni sababu ya kusimamisha mazoezi na kumwita daktari. Mapigo ya moyo yanayochelewa kushuka baada ya mbio huonyesha kuwa kazi ilizidi au farasi ana maumivu.

Masharti ya mashindano

Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI), lenye makao yake Lausanne, Uswisi, hudai farasi awe na chanjo ya mafua ya farasi. Pia hukataza dawa za kutuliza maumivu wakati wa mashindano, kwa kuwa huweza kuficha jeraha. Hivyo tarehe za chanjo na matibabu hupangwa pamoja na ratiba ya mazoezi.

Mfano wa Sprinter Sacre

Sprinter Sacre, farasi aliyezaliwa Ufaransa mwaka 2006 na kufundishwa Uingereza na Nicky Henderson, alishinda Queen Mother Champion Chase huko Cheltenham mwaka 2013. Desemba mwaka huohuo alisimamishwa katikati ya mbio huko Kempton, akagundulika kuwa na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio.

Alirudi mbioni Januari 2015 na kushika nafasi ya pili huko Ascot, lakini Machi alishindwa kumaliza mbio za Cheltenham. Mkufunzi aliendelea naye, na ushindi ulirudi Novemba 2015. Machi 2016 alishinda tena Queen Mother Champion Chase, miaka mitatu baada ya ushindi wa kwanza. Novemba 2016 alistaafishwa. Safari hii moyo haukuwa sababu: alikuwa ameumia mguu.